Mtoto Niliyemtoa Kwenye Mtihani

Jumatatu, Februari 3

Shule imefungwa kwa theluji, na mimi mpishi wa shule leo sina wa kumpikia ila binti yangu Josie peke yake, naye hataki kula. Amekaa dirishani anatazama gari la kusukuma theluji likipita na kurudi. Nimemuuliza ana nini, akasema hana kitu. Ana miaka minane, yuko darasa la tatu, na darasa la tatu ndipo mitihani ya jimbo inapoanzia. Sihitaji daktari aje kuniambia kinachomkosesha mwanangu hamu ya chakula.

Naandika haya kwa sababu Dot kaniambia niandike. Dot Wasik ni mwenzangu jikoni, tumemenya viazi pamoja tangu nywele zake zikiwa nyeusi. "Andika, Gwen," aliniambia. "Ukizeeka utakana kwamba ulikuwa na hasira namna hii."

Alhamisi, Februari 6

Tulikwenda mkutano wa wazazi, mimi na Dot, kwenye ukumbi wa zimamoto. Mama mmoja kutoka mji wa jirani alisimama akasema mzazi anaweza kukataa. Unaandika barua fupi, mwanangu hatafanya mtihani wa jimbo mwaka huu, unaipeleka kwa mwalimu mkuu, basi. Nadhani wengi tulikuwa tunajiuliza kwa nini hatukuambiwa mapema.

Mimi nilikuwa namfikiria Dale, mwanangu mkubwa. Mwaka wake wa kwanza wa mtihani alirudi nyumbani anarukaruka. "Mama, nimepata moja!" Alidhani moja ni ushindi. Kwenye mitihani ya jimbo nne ndiyo ya juu na moja ndiyo ya mkiani. Mimi ndiye niliyemweleza, pale pale kwenye ngazi za mlangoni, na jinsi uso wake ulivyonywea bado nauona. Mwaka uliofuata akapata moja tena, na uliofuata tena. Alipotimiza kumi na sita aliacha shule, akaenda jimbo la Pennsylvania kwenye visima vya gesi. Sasa hupiga simu akikumbuka.

Josie hawatampata.

Ijumaa, Februari 7

Barua nimeipeleka mwenyewe, na aproni yangu mwilini.

Jumatano, Februari 12

Mwalimu mkuu, Bwana Lindqvist, ameniita ofisini baada ya chakula cha mchana.

"Keti, Gwen."

"Nimesimama tangu asubuhi, Bwana Lindqvist. Nimezoea."

Akakunja miwani yake. "Nimesoma barua yako. Sheria haisemi popote kwamba mzazi anaweza kumtoa mtoto."

"Wala haisemi hawezi."

"Watoto wakipungua chumbani, shule inaandikwa vibaya kwenye ofisi za jimbo huko Albany. Kisha wewe ni mtu wetu. Wazazi wakiona mpishi wa shule kamtoa wake, wataona nini?"

"Wataona mpishi ana mtoto."

Nikatoka. Dot alikuwa ananisubiri karibu na sinki, na nilipomsimulia alicheka mpaka akashika ubavu. Nakiri nilitembea siku nzima kichwa kimenivimba. Jioni dukani wazazi wawili walinishika mkono, na mmoja akaniomba nimsaidie kuandika barua yake. Miaka yote hii katika mji huu hakuna aliyewahi kuniomba kitu zaidi ya mchuzi kidogo juu ya viazi.

Alhamisi, Februari 13

Makaroni na jibini. Theluji tena. Dot naye ameandika barua ya mjukuu wake, Teddy.

Jumapili, Februari 23

Dale amepiga simu. Sauti yake imekuwa nzito, au ni mafua tu. Nilimpa habari kwa furaha.

"Josie hafanyi mtihani mwaka huu. Nimemtoa."

Akauliza, "Alikuomba?"

"Mtoto wa miaka minane anaomba nini, Dale?"

"Nauliza tu, Mama."

"Nafanya hivi kwa ajili yako."

"Mimi shule nishamalizana nayo," akasema, akacheka. "Au yenyewe ndiyo imenimaliza." Kisha akaomba kuongea na dada yake. Josie aliichukua simu akaenda nayo chumbani, akafunga mlango, wakaongea muda mrefu. Nilifurahi kuwasikia. Sikuuliza waliongea nini.

Jumanne, Machi 4

Nimemkuta Josie amejikunja chini ya ngazi na kijitabu cha mazoezi ya hesabu, kile wanachopewa kujitayarisha. Nimemnyang'anya kwa upole.

"Hiki si chako mwaka huu, mpenzi. Nenda kacheze."

"Nimebakiza kurasa tatu, Mama."

"Basi vizuri, huna haja ya kuzimaliza."

Akapanda juu. Damu ilinichemka. Barua yangu imo mikononi mwa mwalimu wake, Bi. Marchetti, na bado anambebesha mtoto kazi za mtihani. Huyo mwanamke na tabasamu lake sijawahi kumwamini. Kijitabu nimekiweka juu ya kabati la vyombo.

Jumatano, Machi 12

Dhoruba. Umeme ulikatika. Tumelala na makoti.

Jumatano, Machi 19

Leo walikuwa na shangwe ya mtihani. Watoto wote kuanzia darasa la tatu wamekusanywa kwenye ukumbi wa michezo, walimu wamepaka nyuso rangi, ngoma, nyimbo, kelele, wakafundishwa kupiga makofi na kusema wataushinda mtihani. Ambao wazazi wao tumekataa, na tumefika wanane, walipelekwa maktaba.

Josie aliomba ruhusa ya kwenda chooni akapitia dirisha la jikoni. "Mama, wanaimba nini kule?"

"Upuuzi," nikamwambia. "Chukua biskuti."

Hakuichukua. Alisimama akisikiliza kupitia ukuta mpaka nikamwambia arudi. Mtoto amekonda, na mimi nilizidi kuamini niko sahihi. Ikiwa kelele zake tu zinamfanya hivi, mtihani wenyewe ungemfanyaje?

Jumatatu, Machi 31

Kesho wanaanza mtihani wa kusoma na kuandika, siku tatu. Hesabu itafuata mwisho wa Aprili. Barabara imekuwa tope tupu, theluji yote inayeyuka kwa pamoja.

Nilipeleka pipi za mnanaa darasani kwa Bi. Marchetti, maana wana imani kwamba mnanaa unaamsha akili na kila mtoto anawekewa moja juu ya dawati. Nilimkuta amesimama kwenye kiti anafunika kuta kwa karatasi ya kaki. Kila kitu chenye neno au namba lazima kifichwe, isije ikawa jibu. Ramani imefunikwa, alfabeti imefunikwa. Alikuwa amefika kwenye jedwali kubwa la kuzidisha lililochorwa kwa mkono, kila safu na rangi yake.

"Hilo zuri," nikasema, ili nisikae kimya tu.

"La Josie hilo."

"Josie yupi?"

Alishuka kwenye kiti. "Hakukuambia? Alilichora peke yake. Wenzake wakikwama nawatuma kwake awaeleze."

Kitu kilinichoma hapa kifuani. Lakini nikajisemea, Gwen, unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kesho atakuomba uiondoe barua. Nikampa pipi zake nikarudi jikoni. Nyuma yangu nilisikia karatasi ikikatwa.

Jumanne, Aprili 1

Sikujua kanuni yao. Nadhani walitunyima habari makusudi mpaka leo. Mtoto aliyekataliwa mtihani na mzazi wake haondoki darasani. Anakaa kwenye dawati lake, hapewi kitabu, hapewi karatasi ya kuchorea, haruhusiwi kulaza kichwa. Mikono juu ya meza mpaka muda uishe. Muda wenyewe ni zaidi ya saa nzima.

Wazazi wengine waliwahi kupata habari wakaja kuwachukua watoto wao, wakawarudisha baadaye. Dot alimpigia binti yake simu, Teddy akachukuliwa. Mimi nilikuwa na sufuria nne jikoni na watoto mia mbili wa kulisha. Kwa hiyo katika darasa la Bi. Marchetti, kati ya wasiofanya mtihani, alibaki Josie peke yake.

Mchana alipita na trei yake. Nilimuuliza kama yuko salama, akasema ndiyo. Pipi ya mnanaa alikuwa hana. Sikutaka kuuliza kama naye aliwekewa.

Nimemfokea Bwana Lindqvist kwenye varanda mbele ya watu. Nilimwambia hata mahabusu hupewa gazeti. Alisema kanuni si yake. Wazazi waliokuwepo walinipigia makofi. Nilijisikia vizuri kwa muda, kisha nikakumbuka kwamba kesho mtoto atakaa vile tena na sufuria zitakuwa nne vilevile.

Jumatano, Aprili 2

Bi. Marchetti alikuja jikoni kwa mlango wa nyuma wakati Dot ameenda stoo. Macho yalikuwa mekundu.

"Gwen, nakuambia nisichoruhusiwa kusema. Jana midomo ya Josie ilikuwa inacheza. Alikuwa anasoma hadithi ya mtihani kwenye karatasi ya jirani yake, kwa mbali. Leo amerudia. Msimamizi aliyeletwa na wilaya ameona, akaniambia nimgeuze."

"Umgeuze vipi?"

"Kiti. Nimemgeuza aangalie ukuta." Akajifuta pua kwa kiganja. "Ukuta nilioufunika mwenyewe."

"Na wewe umekubali?"

"Nimekubali. Nikavuta kiti changu nikakaa karibu naye, hicho tu ndicho ninachoruhusiwa." Alielekea mlangoni, kisha akageuka. "Wewe, ulimuuliza anataka nini?"

Nilitaka kumpa vidonge vyake. Nilifungua mdomo kabisa. Dot akarudi na gunia la unga, mwalimu akaondoka, nami nikabaki na mwiko mkononi.

Dale naye aliniuliza hivyo hivyo kwenye simu. Yeye niliona amechoka tu.

Alhamisi, Aprili 3

Ngoja niandike kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kujitetea.

Mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa ndani ya gari, bado tuko kwenye maegesho ya shule, nami sikuwasha injini.

"Josie, ulitaka kuufanya ule mtihani?"

Alikuwa anafunga na kufungua zipu ya begi. "Sijui."

"Niambie tu. Sitakasirika."

"Ulishaandika barua."

"Barua niliandika ili usiumie."

"Najua. Ili nisipate moja."

Nilimwambia hapana, sikusema hivyo hata siku moja. Akasema Dale ndiye aliyemweleza kuhusu moja, siku ile kwenye simu. Alimwambia inauma na kwamba Mama hataki imuume na yeye. Kisha Josie akasema, bila kulia, kwa sauti ile anayotumia kunieleza mambo ya kawaida, "Dale ulimwacha afanye kwa sababu ulikuwa hujui. Mimi umenitoa kwa sababu unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba siwezi. Kama ungeona naweza, ungeniacha."

Nilisema maneno mengi. Nilisema yeye ana akili, nikataja lile jedwali la rangi, nikamwambia mtihani ndio mbaya, si yeye. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama anavyofanya anaposimuliwa na bibi yake habari za kanisa. Nilipomaliza, akauliza kama tunaweza kwenda nyumbani kwa sababu miguu yake imelowa.

Tangu Februari mtoto anakataa chakula mbele yangu, na mimi nilidhani anaogopa mtihani. Labda mwanzoni ndivyo, lakini tangu ile barua alikuwa anaogopa nilichokuwa nakifikiri juu yake. Nimekaa na karatasi hii tangu jioni na moyo unaniuma, sijui kuliandika vizuri zaidi ya hivyo.

Jumatatu, Aprili 7

Nimepiga moyo konde nikaenda kwa Bwana Lindqvist kuiondoa barua. Hesabu bado, Josie ataifanya. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Furaha yake iliniudhi, maana haikumhusu Josie hata kidogo, ilikuwa ni mtoto mmoja zaidi wa kuhesabiwa huko Albany. Aliuliza nini kimenibadilisha, nikasema ni mambo ya nyumbani. Akauliza kama anaweza kuwaambia wazazi wengine.

"Usithubutu."

Jioni nilimwambia Josie. Nilipanda kiti, nikakishusha kijitabu chake kutoka juu ya kabati nikamrudishia.

"Kwa nini sasa?" akauliza.

"Kwa sababu unaweza."

Alikipokea kama mtu anayepewa zawadi aliyolazimika kuidai. Alisema asante. Hakukifungua mbele yangu.

Alhamisi, Aprili 10

Bwana Lindqvist ameshawaambia. Mji mzima unajua.

Ijumaa, Aprili 11

Dot hakunisalimu asubuhi. Tulipika samaki wa Ijumaa tumepeana migongo, na kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi feni la jikoni linavyopiga kelele. Baada ya kuosha vyombo nilimwambia, "Dot, sema tu."

"Niseme nini? Ulituingiza mtoni, mwenyewe ukatoka, na nguo zetu umeondoka nazo."

"Ni kwa ajili ya Josie."

"Na Teddy wa nani? Nilimwandikia kwa sababu yako. Mimi barua hata sikuwa nazifikiria." Alivua aproni akaitundika. "Lindqvist anasema sasa, mnaona, hata Gwen Pruitt amejirudi. Anasema kwenye kila simu anayopiga."

Nilimweleza yaliyosemwa ndani ya gari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulilainika kidogo, lakini hakunigusa bega kama ambavyo angefanya zamani. "Pole," akasema. "Lakini wale wazazi wengine hujawaambia hayo. Wao wanajua tu kwamba uliogopa."

Ni kweli. Wala sitawaambia. Yale ni ya Josie.

Jumapili, Aprili 20

Pasaka. Nyama ya nguruwe, viazi, sisi wawili. Dale alisema angekuja, halafu hakuja.

Jumatatu, Aprili 28

Bi. Marchetti ameniambia kwenye varanda kwamba Josie hafanyi tena mazoezi na wenzake, anasema anajisomea nyumbani. Nyumbani kijitabu kipo chini ya mto wake. Nilikitazama alipokuwa anaoga. Zile kurasa tatu bado nyeupe. Sikumwambia kitu, niliogopa aone namchunguza. Nilimwambia Bi. Marchetti samahani kwa niliyokuwa nayafikiri juu yake. Aliuliza ni yapi, nikasema ni mengi, tukacheka kidogo, wote wawili macho yamejaa maji.

Jumatano, Aprili 30

Hesabu, siku ya kwanza. Amekula yai moja lote. Nimefurahi kupita kiasi kwa ajili ya yai.

Ijumaa, Mei 2

Wamemaliza. "Ilikuwaje?" nikamuuliza. "Ndefu," akasema. Maua yameanza kutoka kando ya barabara, na kwa mara ya kwanza tangu msimu wa baridi tumefungua vioo vya gari.

Ijumaa, Mei 9

Bwana Lindqvist ameagiza aiskrimu kwa watoto waliofanya mitihani. Waliofanya tu. Kumbe ndivyo shule inavyoshukuru. Tumepakua sisi, mimi na Dot, nyuma ya meza ndefu ya ukumbi wa chakula, na mwalimu mkuu mwenyewe mlangoni anapokea watoto. Wale ambao wazazi wao hawakuyumba walikuwa maktaba, Teddy akiwa mmoja wao. Dot alikuwa anapakua bila kuinua kichwa. Nilimwambia akae, nitapakua peke yangu. Akasema kazi ni kazi.

Nilikuwa namtafuta Josie kwenye mstari. Naandika hivi ingawa ni aibu, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nimeshamwekea bakuli kubwa pembeni.

Alipofika aliliona. "Kidogo tu, Mama."

"Kwa nini kidogo? Umeifanyia kazi."

Alisogea mpaka kifua kikagusa meza, akashusha sauti ili wa nyuma wasisikie. "Sikuandika."

"Hukuandika nini?"

"Kitu. Niliandika jina tu."

"Siku zote?"

"Zote tatu."

Nilikuwa na kijiko kilichojaa mkononi na aiskrimu inaanza kudondoka. Nikamuuliza mbona maswali alikuwa anayaweza. Alisema ya mwanzo aliyaweza, alikuwa anayajibu kichwani. "Lakini ukiandika, namba inakuja nyumbani. Usipoandika, haiji. Ingekuja moja, halafu ungeona."

"Josie, sikiliza. Isingekuwa moja. Hata siku moja sikufikiri ni moja."

Alinitazama kwa huruma. Mwanangu wa miaka minane alinionea huruma, akanyoosha mkono juu ya meza akanipapasa kiganja kwenye ile glavu ya plastiki.

"Haidhuru, Mama," akasema. "Dale alipata moja na bado unampenda."

Alichukua bakuli dogo akaenda kukaa na wenzake. Dot alikuwa amesikia yote. Alikitoa kijiko mkononi mwangu ili apakue yeye, lakini mtoto aliyefuata alikuwa upande wangu, ananiangalia mimi, anauliza kama ipo ya stroberi. Nikamwambia ipo.